Kiti cha Ghorofa ya Tano

Lifti ya jengo letu hapa Kutaisi hula sarafu.
Usipoilisha haipandi; ukiilisha, hukwama inapotaka.
Mimi naishi ya nne. Juu ya dari yangu anaishi Nazibrola,
miaka sabini na mitatu, mshonaji mstaafu wa mapazia ya jumba la opera,
na kila asubuhi, saa moja na nusu, kiti chake huniamsha:
kwaruu, kimya. Kwaruu, kimya.
Anakaa. Anasimama. Anakaa.

Si tangu zamani. Kabla ya Februari
huko juu kulikuwa na redio tu, na visigino.
Kisha akaanguka jikoni,
akalala sakafuni kwa muda wa saa nne,
macho yametazama chini ya meza,
na mimi huku nakaanga mayai,
nimesikia kishindo kama cha gunia, nikasema: amehamisha kabati.
Aibu hiyo bado naitafuna.

Hospitali walimrudisha na karatasi moja,
imechorwa vijitu visivyo na uso:
kijitu kinasukuma ukuta,
kijitu kimesimama mguu mmoja kama korongo,
kijitu kinainuka kitini bila kutumia mikono.
"Hata vyuma hawakunipa," alilalama.
"Ati uzito ni mimi mwenyewe."
Akaichapa ile karatasi kwa kiganja.
"Basi nitajibeba. Nimebeba mahameli ya mita kumi na mbili."

Wiki ya kwanza: mara tatu. Nilihesabu nikiwa kitandani.
Ya nne ilianza, ikafa njiani.
Wiki ya tatu: sita.
Aprili, tisa na nusu; hiyo nusu sikuielewa
mpaka nilipokutana naye ngazini, akaniambia
goti la kushoto lina maoni yake.
Husimama mguu mmoja mpaka kahawa ichemke,
kidole kimoja kwenye ukingo wa sinki.
"Huyu ni mdhamini," husema, "sijamwita bado."
Kahawa ikifurika, hulaumu kahawa.

Sikumwambia kwamba nilianza naye.
Mimi, fundi saa, mgongo umekunjwa na miaka thelathini
ya kuinamia magurudumu madogo kuliko chawa.
Yeye juu, mimi chini, dari katikati:
kwaruu yake, kwaruu yangu.
Magoti yalilia kama bawaba za kanisa.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini mapaja yangu yalikuwa kibaba kilichotoboka.

Jumanne moja ya Mei kiti kililia mara saba,
kikanyamaza.
Nikangoja ya nane.
Nikasikia kitu kizito kikiigusa sakafu, polepole.
Sarafu ilikuwa mfukoni; sikuikumbuka.
Nilipanda ngazi mbili mbili, nikasukuma mlango
(hautii komeo tena tangu Februari):
miguu yake imechomoza chini ya meza,
soksi moja kijani, moja kahawia.

"Usiniguse," akasema. "Nimeshuka mwenyewe."
Alikuwa chali, penseli mkononi.
Siku ile ya kuanguka aliuona mwandiko wa mumewe
kwenye ubao, upande ambao meza haimwonyeshi mtu:
"Vazha, vuli. Mguu mmoja mfupi. Nitaurekebisha."
Miaka arobaini amekuwa akikunja gazeti chini ya mguu huo.
Sasa alikuwa anamjibu.
Sikuona alichoandika.

Kisha akajigeuza ubavu. Kiganja. Kiwiko.
Goti lenye maoni.
Nilinyoosha mkono, nikaurudisha.
Akaupanda mguu mmoja mbele kama mche,
paja likatetemeka, likatetemeka, likakubali.
Akasimama, vumbi mgongoni,
akanitazama nilivyoshikilia fremu ya mlango,
ulimi nje, moyo unagonga meno.

"Vuta kiti," akasema. "Zimebaki tatu.
Na wewe, kila siku unairuka ya tano.
Unadhani sakafu haisikii?"